Rola Haisimami Katikati

Jua la mji wa Satara lilikuwa linazama nyuma ya kilima cha ngome Eknath Shirke alipovaa ndala zake kurudi uwanjani. Ilikuwa kazi ndogo tu. Aitazame pichi ya kriketi, aifunike turubai kabla ya umande, arudi kula.

"Umeshinda huko tangu asubuhi," mkewe Vanita alimwambia, mikono yake imejaa unga wa mtama. "Si uhamie kabisa, baba Mukta? Ukaioe hiyo pichi, tujue moja."

"Kesho anakuja mkaguzi."

"Na mimi nani atanikagua?"

Siku nyingine angecheka. Jioni ile alifunga mlango taratibu akaenda zake.

Mzee Salunkhe alikuwa amekufa siku kumi na mbili zilizopita, na Eknath alikuwa hajalia hata chozi moja. Watu walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Yeye alijua si ugumu. Ilikuwa ganzi, ile ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila hii ilikaa kifuani. Alikunywa chai ya moto bila kusikia moto.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa msaidizi wa huyo mzee, mkuu wa uwanja. Alianza kwa kuburuta mipira ya maji, akapandishwa kukata nyasi, mwisho akafundishwa ule ukanda mfupi wa udongo mweusi unaomfanya mrushaji awe shujaa au kichekesho. Alijifunza kuuchagua udongo kwa kunusa. Alijifunza kuchomeka ufunguo ardhini na kusoma unyevu kwa kidole. Na kesho mkaguzi wa chama cha kriketi angeamua. Pichi ikipita, uwanja ungepata mechi yake ya kwanza ya jimbo, na Eknath angekuwa mkuu wa uwanja. Ikikataliwa, wangeleta mtu kutoka mji wa Pune. Kwa umri wa miaka arobaini na mitatu, hakuna ambaye angempa nafasi ya pili.

Alichuchumaa, akachomeka ufunguo wake. Udongo uliushika, kisha ukauachia.

Umeiva. Unataka kushindiliwa mara moja tu, na sasa hivi. Kesho asubuhi ungekuwa umekauka na kupasuka.

Vibarua walikwisha kwenda makwao. Rola ya jiwe ilikuwa ya kuvutwa na watu wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mzee hakuiamini ya mashine. Kushoto ndiko alikovuta yeye, miaka yote.

Hapo Eknath akakumbuka yale ya mtoni.

Siku ya kumi ya msiba walimwekea marehemu tonge la wali kando ya maji, ili kunguru ale. Kunguru akila, marehemu ameridhika. Mti mzima ulikuwa mweusi kwa kunguru, na hakuna aliyeshuka. Mwanawe akaahidi kumtunza mama. Mjane akaahidi kumwoza binti wa mwisho. Wapi! Jua likawachoma, watu wakaanza kutazamana. Roho ya mzee ilikuwa na kinyongo. Ndipo mtu akamsukuma Eknath mgongoni.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye siku ile. Mwahidi kitu, bwana, tukale."

Akasema la kwanza lililomjia: "Mzee, pichi ya mechi hii sitaishindilia bila wewe."

Hajafunga mdomo, kunguru alikwisha tua.

Watu wakashusha pumzi, wakaenda kula. Ahadi za namna hiyo hutolewa ili shughuli iishe, na Eknath naye hakuifikiria tena.

Sasa alivua ndala, akashika mpini upande wa kulia.

"Haya, Mzee," alisema kwa utani usio na kicheko. "Njoo basi."

Akavuta. Jiwe halikutikisika. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka...

Rola ikaondoka.

Ikaondoka kwa wepesi, kama siku zote walipokuwa wawili. Ekseli ikalia. Kwii... kwii... Mwendo ulikuwa ule ule wa mzee, wa polepole, wa kukera. Halafu ikaja harufu ya tumbaku ya kutafuna, ile mzee aliyoisugua na chokaa kwa kidole gumba.

Eknath hakugeuza shingo. Alitazama mbele, kwenye vijiti vitatu vilivyochomekwa mwisho wa pichi. Upande wa kushoto mtu alikuwa anahema. Alipaswa kuogopa, na alingoja woga uje. Haukuja.

Wakafika katikati.

Mpini wa kushoto ukaachiwa.

Uzito wote ukamwangukia Eknath mikononi. Nyuma yake, kwenye nyasi za pembeni, akasikia mtu anakaa chini. Kwa shida. Kama anayetafuta ardhi kwa mkono.

"Eknath..."

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Hivi hivi, mahali hapa hapa. Mzee aliachia mpini, akashika kifua, akakaa, akamwita. Na Eknath hakusimama. Rola ikisimama katikati ya udongo mbichi huacha bonde, na pichi imekwisha. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa matusi, kwa miaka kumi na minane: rola haisimami katikati. Basi aliivuta peke yake hadi mwisho, meno yamekazana, na hakugeuka. Alipomrudia mzee, mkono ulikuwa bado na joto. Daktari aliuliza kama walichelewa kidogo. Eknath alisema hapana.

"Eknath... maji..."

Sasa alikuwa na nafasi ya kusimama. Alijua kabisa kwamba ni hiyo aliyopewa. Angeachia mpini, angegeuka, angesema nipo, Mzee. Bonde lingebaki kwenye udongo, na mtu wa Pune angekuja.

Miguu yake ilikwenda.

Kwii... kwii... Sauti iliita mara moja zaidi, kisha ikanyamaza. Alifika mwisho, akageuka. Hapakuwa na mtu. Pembeni ya pichi, katikati, nyasi zilikuwa zimelala kwa umbo la mtu aliyekaa. Kwenye mpini wa kushoto palikuwa na alama ya kidole gumba, ya chokaa mbichi.

Akaifunika pichi, akaenda kula.

Asubuhi mkaguzi, Bwana Kanitkar, aliinama, akaipapasa, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Umeishindilia na nani hii? Mkono wa mtu mmoja haufanyi hivi."

"Na Mzee," Eknath alijibu, na wote wakadhani ni heshima.

Barua ya kazi ilifika wiki ile ile. Sasa yeye ndiye mkuu wa uwanja, na timu kubwa zinamwulizia kwa jina. Kila mkesha wa mechi huwaruhusu vibarua mapema, hushika mpini wa kulia na kungoja. Kila mara huachiwa katikati. Kila mara huitwa. Hajawahi kusimama.

Vanita alimwuliza juzi kwa nini chai ya moto inamuunguza midomo naye hashtuki. Alisema jingine.

"Siku nikifa, kunguru wakigoma, waacheni wagome. Msiniahidi kitu."

"Mungu wangu, baba Mukta! Na wasiposhuka kabisa?"

Eknath alikuwa ameshavaa ndala zake.

"Hawatashuka," alisema, akafunga mlango taratibu.