Mgeni Aliyekubaliwa na Paka

Kilichoanza ni nyayo. Saa saba mchana, jua la Bunda likipasua watu vichwa, bibi mmoja aliingia uani kwa Wankyo akaacha alama za miguu zenye maji, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi wa pili sasa. Wankyo aliziona. Akajiambia labda bibi wa watu kamwagikiwa na ndoo njiani.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu walipokuwa wakipakiwa kwenye malori kama magunia ya pamba na kumwagwa vijijini, jirani asimjue jirani. Hapo walipomwagwa Wankyo na mumewe, Werema, palikuwa na chemchemi. Trekta liliifukia ili mistari ya nyumba inyooke, na viongozi wakapiga makofi. Huko walikotoka, upande wa Butiama, waliacha nyumba iliyoezuliwa, makaburi mawili ya watoto wao, na mbwa wao, maana mgambo alisema lori ni la watu. Mbwa yule alikuwa na akili kuliko mgambo. Akimtikisia mtu mkia, mtu huyo alipewa kigoda. Akimbwekea, alijibiwa akiwa nje.

Kijijini panya walikuwa wengi, wakapewa paka kutoka ghala la pamba. Wankyo hakuwahi kufuga paka tangu azaliwe. Akamsoma kwa kitabu cha mbwa.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Na mimi nilihamishwaga. Sina pa kukaa."

Paka alisimama mlangoni akiupiga mkia kulia na kushoto, kulia na kushoto. Wankyo akacheka. "Ona anavyokuchangamkia! Huyu hazoeagi watu hovyo." Akatoa kigoda.

Bibi alimtazama Wanzagi, mtoto wa miezi saba, aliyelala mkekani. "Ni wako?"

"Wangu. Wa tatu kuzaliwa, na ndiye pekee aliyebaki."

Kesho yake bibi alirudi na harufu ya tope na majani yaliyooza. Paka alijitupa chali mbele yake, tumbo juu, kucha nje, mboni za macho zimetanuka mpaka rangi ya njano haionekani, na jua lilikuwa utosini. Mbwa hulala hivyo mbele ya bwana wake. "Amekukubali kabisa," Wankyo akasema, moyo ukamtulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna aliyetufundisha zaidi ya hapo.

Siku ya tatu Wankyo alitaka kwenda bombani, na bibi akajitolea kukaa na mtoto. Paka alipanda juu ya kifua cha Wanzagi akakoroma, mwili mzima ukimtetemeka, na bibi alipoinama kumchukua mtoto, akaparurwa mkono. Mkono haukutoka damu. Wankyo hakuliangalia hilo. Aliangalia aibu.

"Una wivu wewe!" Akamkamata paka, akamfunika kwa tenga, akaweka jiwe juu.

Kwenye foleni ya maji alimhadithia Tereza, jirani aliyekulia Kamunyonge kwa wauza samaki, ambako paka ni wengi kuliko watoto. Alihadithia akicheka. Tereza hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Masikio yake yakoje?"

"Ameyalaza nyuma."

"Wankyo, mkia wa paka sio mkia wa mbwa. Akiupigaga hivyo amekasirika. Akilala chali kucha nje, anajiandaa kupigana na aliyemzidi. Na kukoroma, hata paka anayekufa anakoromaga." Akamshika mkono. "Mtoto umemwacha na nani?"

Wankyo aliacha ndoo akakimbia, akapita nyumba zote za ule mstari zinazofanana, kama mtu anayekimbia mahali pamoja, akisikia mbele yake tenga likigongwa kutoka ndani na mlio wa paka ambao safari hii hata yeye aliuelewa, na alipofika mlangoni harufu ya tope ilimziba pumzi, na akaona Wanzagi, ambaye jana alikuwa hajui kukaa, amekaa wima katikati ya dimbwi la maji, na nyayo zimeingia hadi mkekani, na hakuna hata moja iliyotoka. Mtoto alimtazama. Akatabasamu kama mtu mzima anayepokelewa vizuri.

Siku nne Wanzagi hakulia. Kuta zilitoa jasho. Werema akamleta mzee Keraryo, mganga wa Nyamuswa, akafukiza dawa na kuuliza kuna nani humo. Kinywa cha mtoto kikajibu kwa sauti ya bibi: "Chemchemi yangu mmeifukia. Trekta lenu halikuniuliza. Nihamie wapi?" Werema naye hakuulizwa alipopakiwa lorini. Keraryo alizidisha moshi mpaka mtoto akatapika tope, akalia kilio cha mtoto. Watu wakashangilia.

Wakati wa kuondoka mganga alimvuta Wankyo pembeni. "Nadhani limetoka," alinong'ona. "Kama halijatoka, usiniite tena. Moshi wa pili utalitoa pamoja na roho ya mtoto."

Werema akamfungulia paka, ambaye siku zote hizo walimlishia chini ya tenga asije akamparura mtoto. Paka aliingia ndani, akamwona Wanzagi, akajikunja mpaka tumbo likagusa sakafu, masikio nyuma, mkia ukipiga kulia na kushoto.

"Ona, mama Wanzagi!" Werema machozi yalimlengalenga kwa furaha. "Hata paka anafurahi mwenzake amepona."

Paka akaruka dirishani, akatokomea kwenye mashamba ya pamba. Sasa Wankyo alijua kusoma, na alichosoma kingemuua mwanawe kama angekisema. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yake hayakungoja hata kesho.

Mtoto akaanza kulia njaa.

"Mnyonyeshe basi," Werema akasema. "Unangoja nini?"

Wankyo alikuwa amezika wawili. Akakaa, akafungua kanga, akampakata. Kinywa kilichomshika kilikuwa baridi, na alikiacha kinyonye mpaka kikashiba.