Nyanya Niliyoing'ata Mbele ya Simu

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, na nimeuza nyanya kando ya barabara kuu hapa Ilula tangu nilipomaliza darasa la saba. Basi likisimama, mimi ndiye wa kwanza kulifikia. Watu husema mdomo wangu unauza kuliko nyanya zangu. Ni kweli... na mdomo huohuo ndio ulioniponza.

Nyanya nilikuwa nachukua kwa dada yangu Yusta. Yeye alilima bondeni, mimi nikauza barabarani. Wazazi wetu walipofariki, ni yeye aliyenilea kwa shamba lile.

Siku moja lori la kampuni ya mafuta lilipinduka kwenye kona iliyo juu ya bonde. Dizeli ikateremka hadi kwenye mfereji wetu wa kumwagilia, na shamba la kwanza kwenye mfereji ule ni la Yusta. Baada ya wiki moja mimea ilikuwa imekauka. Nyanya zilizokwisha kuiva tulizichuma haraka, tukajaza matenga.

Yusta hakulia. Alichota maji ya mfereji kwenye chupa, akajifunga kanga, akasema anakwenda ofisi za wilaya, Kilolo.

"Waliomwaga ndio walipe," aliniambia. "Wewe baki na matenga, mdogo wangu. Ila watu wakikuuliza, waambie ukweli."

Lakini nani atanunua ukweli? Habari zilishawafikia madereva, mabasi yakawa yanatupita tu. Nyanya zikaanza kutoa maji.

Siku chache baadaye, Yusta akiwa tena Kilolo, likaja gari jeupe la kampuni. Akashuka kaka mmoja mpole, akatusalimia kwa Kihehe, "kamwene", kama mtu wa nyumbani. Akasema amesikia tunaharibiwa biashara kwa uvumi, anataka kutusaidia. Akainua simu kurekodi.

"Mama, hizi nyanya zenu zina shida yoyote?"

Wauzaji wenzangu wote wakanitazama mimi. Si ndiye mwenye mdomo? Nikachukua nyanya, nikaifuta kwenye kitenge, nikaing'ata! "Maji yetu safi, nyanya zetu tamu, karibuni Ilula!" Wakapiga makofi. Na karatasi aliyonipa nikaiwekea sahihi bila kuisoma.

Video ikazunguka kwenye simu za madereva. Baada ya siku mbili matenga yote yaliisha. Nilifurahi... Mungu anisamehe, nilifurahi!

Kesi ilisikilizwa Iringa mjini. Yusta na wenzake wa bondeni waliidai kampuni fidia ya mashamba, na isafishe mfereji. Wakili wa kampuni hakusema mengi. Aliwasha video. Nikajiona natafuna, nacheka... Kisha akasoma ile karatasi: mimi, mdogo wake Yusta, nimethibitisha kuwa maji hayajaharibika.

Kina Yusta walishindwa.

Nje ya mahakama dada alinishika mkono, kwa upole kabisa. "Mdogo wangu... na mimi umeniuza?"

Nilitazama viatu vyake.

Sasa yuko Usangu, anapanda mpunga kwenye mashamba ya watu. Nikipiga simu anapokea, anasema, "Nipo," halafu anakata. Silii tena. Naamka, napanga vindoo vyangu vya sado, nakimbilia mabasi. Nyanya nachukua kwa watu wa mbali. Bondeni yanaota magugu, na hayo yenyewe kwa shida.

Ndugu msomaji, kama unaishi jirani na mgodi, bomba au barabara ya malori ya mafuta, nakusihi... Aliyeharibu akija na maswali matamu, usimfichie uchafu wake ili upate mauzo ya siku mbili. Soko likifa leo, kesho linafufuka. Shamba la dada yangu halijafufuka mpaka leo.

Usiseme kwamba sikujua. Nilijua! Hili sijamwambia hata mchungaji wetu. Nyanya ile nilipoing'ata, harufu ya dizeli ilinipanda mpaka puani... nikatabasamu, nikameza.