Uji wa Kilimani

Mwiko uligonga ukingo wa sufuria, ko, ko, ko, kabla hakujapambazuka. Filister akaamka. Shangazi yake, Dorah, alikuwa akikoroga uji wa wimbi.

"Mbona unautia chumvi, shangazi?"

"Jasho hutoa chumvi mwilini. Mwezi ujao nitakimbia milimani kilomita sitini, kutwa nzima. Leo nataka kujua kama uji huu utanipa nguvu. Tumbo nalo hufanya mazoezi, mama."

Walikwenda kwenye kilima cha Asego, Homa Bay. Dorah angepanda na kushuka mara sita. Filister alikaa kileleni na chupa ya uji, ampe baada ya mara ya tatu.

Kwenye mwinuko mkali Dorah alitembea, mikono magotini.

"Mkimbiaji gani anatembea kama bibi wa sokoni?" Filister akamtania.

"Bibi wa sokoni hufika!" Dorah akajibu, akapita.

Filister akawaza: uji wa mkimbiaji una ladha gani? Akaonja. Akaonja tena. Alipotazama, nusu ilikuwa imekwisha. Akajazia maji yake ya kunywa.

Dorah alipokunywa, alikunja uso. "Mbona mwepesi?"

"Ndivyo ulivyoupika, shangazi."

Mara ya tano, Dorah alifika magoti yakitetemeka. Akaketi juu ya jiwe.

"Nimekunywa uji na bado sina nguvu," akasema polepole. "Basi mwili wangu hauwezi. Nitajitoa kwenye mbio."

Filister akaanza kulia. "Mwili wako hauna kosa. Nusu niliinywa mimi. Nikaweka maji."

Dorah alimtazama, kisha akamfuta machozi kwa kiganja chenye vumbi. "Haya. Nenda nyumba ile ya chini, uombe uji. Useme ukweli."

Mama Eucabeth, mwenye nyumba, alisikiliza mpaka mwisho. Hakumcheka. Alipasha uji wake, akautia sukari na chumvi, akaubeba mwenyewe kikombeni hadi nusu ya kilima. Dorah akashuka kuwapokea, akanywa, akapumzika, akamaliza mara ya sita bila kutetemeka.

"Kumbe naweza!" akasema. "Filister, njaa ningeivumilia. Lakini uongo wako ulinifanya niulaumu mwili usio na kosa. Ukikosea, sema mapema."

Waliporudisha kikombe, Filister alimuuliza Mama Eucabeth wimbi husagwaje, na kwa nini kuku wake wanalala juu ya mti. Mama Eucabeth alijibu yote, kisha akawashika mikono mlangoni.

"Mje tena, hata siku isiyo ya mbio. Nyumba hii imekaa sana bila mtoto wa kuuliza maswali."