Sahihi Kwenye Lifti ya Tatu

"Treni inaondoka saa mbili kamili. Unakuja au huji?"

Upande wa pili wa simu kulikuwa na kelele za vyuma, kisha ikaja ile sauti ya mchumba wangu ya kubembeleza, anayoitumia akiwa na makosa.

"Jicho, nisikilize. Lifti ya hospitali imekwama tangu alfajiri. Nikiiacha hivi, wagonjwa watafikaje juu?"

"Kama walivyofika Jumamosi iliyopita. Na ile ya kabla yake."

"Ahirisha basi. Wiki ijayo tutaenda wote, haki ya Mungu."

"Wiki ijayo yako haifiki, fundi. Nakwenda peke yangu."

"Peke yako? Mji wote ule utaufanya nini?"

"Nitautazama. Nitakunywa bia zake. Kesho jioni nitarudi."

Nikasikia akiweka spana chini.

"Sawa. Lakini usizunguke katikati ya mji. Kuna vibaka."

Nikakata simu, nikapanda treni. Nilikuwa na jambo moja tu la kuamua kabla ya kurudi. Harusi yetu ilikuwa imebaki wiki sita, mialiko imeshagawiwa, na mimi sikuwa na hakika tena kama naolewa na mwanaume au na udhuru wake. Yeye ni fundi lifti. Mimi nasaga lenzi za miwani kwenye duka la macho, ndiyo maana ananiita Jicho. Wiki nne mfululizo kila Jumamosi lifti ile ile ya hospitali inakwama. Hata lifti ina aibu, jamani.

Mjini sikutulia. Niliacha begi hotelini, nikaingia makumbusho, nikatazama kiti cha mfalme wa zamani kwa dakika tatu, nikatoka. Nikavuka daraja la waenda kwa miguu, nikarudi, nikalivuka tena kwa sababu sikukumbuka nilichokiona. Nikampiga picha twiga wa shaba aliyesimama mbele ya maktaba, nikamtumia fundi. Akajibu kwa kikatuni cha moyo. Kimoja. Nikataka kuitupa simu mtoni.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanipanda taratibu, na nakisema bila haya: nilikuwa naupenda mji ule. Hakuna aliyeniuliza mwenzangu yuko wapi. Niligeuka kushoto nilipotaka kushoto.

Saa saba mchana nikaingia kwenye kiwanda kidogo cha bia, kilichokuwa mtaa mmoja na jengo refu kuliko yote. Mapipa ya chuma yalipangwa ukutani hadi darini. Mpika bia mwenyewe ndiye aliyenihudumia, mama mmoja mwenye buti za mpira na mikono ya shati iliyokunjwa hadi viwikoni. Akaniwekea ubao wenye viglasi vinne.

"Anzia na hii ya njano, dada. Malizia na nyeusi. Shayiri yake nimeichoma mwenyewe."

Nikameza ya kwanza kwa mkupuo mmoja, na ya pili hivyo hivyo.

"We! Unakunywa kama mtu anayewahi basi. Umeisikia hata ladha?"

"Sijaisikia."

"Mume?"

"Mchumba."

"Bora. Mchumba anarudishika." Akacheka peke yake. "Sikiliza. Acha hivi viwili vilivyobaki, nitakuwekea. Nenda kapande jengo lile, juu kabisa kuna ukumbi wa kutazamia mji. Ukishuka akili yako itakuwa imetulia, ndipo unywe bia yangu kwa heshima."

Nikaenda. Watu walikuwa wengi, nikaelekezwa lifti ya tatu.

Sasa, fundi wangu alinifundisha jambo moja tangu mwezi wa kwanza wa mapenzi yetu: usipande lifti yoyote bila kusoma kadi ya ukaguzi iliyobandikwa ndani. Kila fundi akimaliza kazi anaandika tarehe na saa, anatia sahihi. Ikiwa tarehe ni ya zamani, panda ngazi. Nimeizoea tabia hiyo hadi wenzangu kazini hunicheka.

Nikaisoma kadi. Mistari minne ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi nne zilizofuatana, na yote ilikuwa na sahihi moja, ile yenye mkia mrefu unaorudi nyuma kukata jina. Naijua sahihi hiyo. Iko kwenye barua zangu zote za mapenzi. Mstari wa chini kabisa ulikuwa wa leo, saa mbili na nusu asubuhi.

Kumbe zile kelele za vyuma kwenye simu zilitoka humu humu.

Nilifika juu, mji mzima ukawa chini yangu, na sikuona hata paa moja. Nilikuwa nafikiria mwanamke tu. Mrefu? Mfupi? Ana watoto? Wakati wa kushuka nikaipiga picha kadi ile, halafu nikasimama kwenye ukumbi wa chini nikampigia shangazi yangu, aliyenilea tangu nina miaka mitano.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Haya, nyumba umeionaje?"

"Nyumba gani?"

"Si nyumba yenu ya huko! Mwenzako alisema jiko lake tu linaimeza sebule yangu. Nikajua leo amekupeleka ukaione."

Nikaegemea nguzo.

"Alikwambia lini hayo?"

"Wiki iliyopita. Akasema amepata kazi ya kudumu huko, na wewe umeshakubali kuhama mkishafunga ndoa. Nililia kidogo, sikufichi. Nikajikaza, nikasema ilimradi mtoto ameridhika." Akapandisha sauti. "Mbona unauliza lini? Wewe, usiniambie hukuwa unajua!"

"Nitakupigia, shangazi."

Nikamtumia fundi ile picha ya kadi, bila neno. Kisha nikaandika: "Nakusubiri kwenye kiwanda cha bia karibu na jengo hili. Njoo."

Nikarudi kwa mpika bia huku nikitazama skrini: fundi alianza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Baada ya dakika kumi akaingia mlangoni na ovaroli lake, grisi hadi puani.

Mpika bia akanitupia jicho. "Ndiye?"

"Ndiye."

"Basi mimi nakwenda kuosha mapipa. Nikisikia glasi imevunjika, narudi."

Fundi akavuta kiti, hakukaa.

"Jicho, sivyo unavyofikiri. Sina mwanamke mwingine."

"Najua. Nimeongea na shangazi."

Rangi ikamtoka.

"Angekuwepo mwanamke," nikamwambia, "ningejua la kufanya. Ningemtukana, ningekutukana na wewe, ningewahi treni ya saa tisa. Hili ulilolifanya sijui hata nalianzia wapi."

"Nilikuwa najaribiwa kazi, kila Jumamosi. Wamenipa mkataba. Nimepata na nyumba, vyumba viwili, dirisha la jikoni linatazama bustani, utaipenda..."

"Nani alikwambia nitaipenda?"

"Nilijua ungekataa! Ungesema shangazi atabaki peke yake, ungesema kazi yako. Nikaona tufunge ndoa kwanza, mengine tuje kuyaongea ndani ya nyumba yetu."

"Na ningekataa huko ndani? Nimeshaolewa, nimeshaacha kazi, shangazi ameshaniaga. Ningekwenda wapi?"

Akaanza kufuta grisi kwenye vidole.

"Nijibu, fundi. Ningekwenda wapi?"

"Usingekwenda popote," akasema polepole. "Ndicho nilichotaka. Nilikuwa naogopa utaniacha."

Hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililolisikia kwake kwa mwezi mzima, na liliniuma kuliko uongo wote.

"Unajua nimefanya nini tangu asubuhi?" nikamuuliza. "Nimeingia duka moja la miwani, nikawauliza kama wanahitaji msaga lenzi. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nimeupenda mji huu. Shangazi tungekuja naye au tungemfuata kila mwisho wa mwezi, ningepata njia. Ungeniuliza tu, ningekubali kabla hujamaliza swali."

Machozi yakamtoka, akayafuta, grisi ikaenea shavuni. Nilimpenda, nisidanganye. Nilimpenda hata pale, na nilitamani kumfuta uso. Nikaikalia mikono yangu.

"Basi nakuuliza sasa," akasema. "Utakuja kuishi huku na mimi?"

"Huku, nitakuja. Na wewe, sijui."

"Na harusi?"

"Wiki sita hizo hazipo tena. Mpigie shangazi. Wewe ndiye uliyemwambia nimekubali, wewe utamwambia ukweli. Weka spika."

"Jicho, tafadhali, nitampigia nikiwa nyumbani..."

"Weka spika."

Akapiga. Shangazi akapokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Shangazi, shikamoo."

"Sema."

"Nilikudanganya, shangazi. Hakuwahi kukubali kuhama. Sikumuuliza. Na... harusi imesimama."

"Mwanangu yuko hapo?"

"Nipo, shangazi."

"Unalia?"

"Silii."

"Basi usirudi leo. Ulipanga kurudi kesho, rudi kesho. Usikatize matembezi yako kwa sababu ya huyo."

Nikavuta ubao, nikanywa kiglasi cha tatu kwa utulivu. Kilikuwa na harufu ya maganda ya machungwa. Nikanywa na kile cheusi, nacho nikakisikia chote, uchungu wake na moshi wake. Fundi alikuwa amesimama, simu mkononi, ananitazama kama nitasema neno litakalomwokoa.

"Nikipata kazi huku nitakwambia," nikasema nikiinuka. "Nitakuuliza kama ungependa kuja kunitembelea. Nitakuuliza kwanza, nisubiri jibu lako. Hivyo ndivyo inavyofanywa."

Nikamuaga mpika bia kwa mkono, nikatoka. Kabla mlango haujajifunga nyuma yangu, nilimsikia shangazi kwenye spika.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, shangazi."