Mkasi wa Utepe Mwekundu

Kila Jumapili Godelive alikwenda misa na mkasi shingoni. Mkasi huo wenye utepe mwekundu ulikuwa zawadi ya chama cha akina mama wanaodarizi, wengine wa mtaa wa Mbunya hapa Bunia, wengine wa Gety, wengine wa Boga. Mshindi alikaa nao mwaka mzima. Godelive alikuwa nao mwaka wa tatu sasa, na jirani yake Kahindo aliona wivu mpaka sala zikampotea.

Wanachama hawakuwahi kukutana wote. Kazi zao zilisafiri kwa lori katika valizi moja, sanduku la safari, pamoja na kaye, daftari la chama. Kila mama alitazama vitambaa, akaandika kwenye kaye jina la aliyempendeza zaidi, akaipeleka valizi kwa mwenzake. Safari ilianzia Bunia na kuishia Boga.

Mwaka ule wa 1979 Kahindo alitaka kutoka chamani. Lakini kwanza alitaka Godelive aumbuke. Akaenda kwa Pétronille, mwalimu aliyewafundisha akina mama kusoma na kuwatunzia kaye, akamwambia Godelive anahonga watu sukari. Ushahidi hakuwa nao.

Pétronille alifungua kaye.

"Mama Kahindo, mbele ya kuandika, weye unasomaka majina yenye benzako banaandika?"

"Nasomaka. Nani hasomake?"

"Basi mama wa Boga anachagua nini? Anakuta Godelive, Godelive, Godelive. Anaogopa kubaki peke yake. Godelive haiko na kosa. Kosa iko kwa namna yetu ya kuchagua."

Kahindo hakufurahi, maana alikuja kutafuta mwizi. Pétronille akaendelea. Kwa nini chama kilikubali uzi wa dukani tu? Huko Boga wengi walifumua sweta kuukuu wakapata uzi, na kazi zao zilikataliwa kabla ya kutazamwa.

Barua zikaandikwa, wote wakakubali. Kila mama alikunja pembe ya kitambaa yenye jina lake, akaishona, akaweka namba. Kila kitambaa kilipewa kifuko cha nguo nzito chenye tundu dogo, ili punje zilizomo zisionekane. Unayempenda, unamtilia punje moja ya mahindi, na kazi yako mwenyewe huitilii. Uzi wowote ruhusa. Tena valizi ianzie Boga. Kahindo alikubali upesi, kwani alijua sasa mkasi unakuja kwake.

Valizi ilifika Bunia imejaa. Akina mama watano wa Boga walikuwa wameleta kazi kwa mara ya kwanza. Kahindo alitia punje yake kwenye namba tatu, masuke ya mtama yaliyodariziwa vizuri ajabu. Alidhani ni kazi ya mtu wa Gety.

Siku ya kuhesabu hapo Bunia, Kahindo alikaa mbele, shingo ameipaka mafuta. Namba tisa ilipata punje nane. Pembe ikafumuliwa: Adeline wa Boga, kwa uzi wa sweta. Kahindo alipata punje mbili, na moyo ukamuuma. Kisha ikafumuliwa namba tatu. Ilikuwa ya Godelive.

Godelive alikuwa akifungua utepe shingoni, macho yamemwiva. Kahindo akasogea karibu naye.

"Punje yangu nilitia kwa yako," alisema. "Sikujua ni ya weye."

Godelive akauvua mkasi. Kahindo akaongeza:

"Utanionyesha ile mushono ya mutama?"

"Kuya kesho," Godelive akasema. "Kuya na sindano yako."