Maharage ya Kwenye Majivu

Msimu wa kahawa, kijijini Kitura hakuna anayekaa. Tangu wanunuzi binafsi waanze kupita vijijini, kila mtu alitaka kuwahi bei. Albina hakuwa na nafasi hata ya kuvuta pumzi, na kuni zilikuwa za shida. Basi asubuhi moja alibandika maharage mekundu. Kabla hayajachemka, akakisukuma chungu kwenye majivu ya moto, akaenda shambani na mumewe, Melkior. Mchana maharage yalikuwa magumumagumu bado, lakini binti yao Beata alikuwa na njaa. Akapakuliwa wa kwanza, akala akamaliza.

Haikupita muda, mtoto akaanza kutapika. Alitapika mpaka ikatoka nyongo tupu. Macho yakaingia ndani, miguu ikalegea. Albina alishikwa na hofu. Maharage yale alipewa na wifi yake, Ottilia, na hawakuwa wakipatana. Yeye na Melkior waliwaza jambo moja: labda Ottilia ameyatia sumu. Albina akambeba mwanawe, wakakimbilia zahanati.

Hata shikamoo aliisahau. Nesi Dafrosa alimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, huku akiuliza amekula nini. Albina akamtaja wifi yake.

"Mwache wifi yako," nesi alisema. "Maharage yalitokota?"

"Hapana, mama. Niliyaacha kwenye majivu."

"Basi ni hayo majivu. Maharage mabichi yana sumu yake. Shambani sumu hiyo inayakinga na wadudu, lakini tumboni inaumiza. Moto mdogo hauimalizi, unaweza hata kuizidisha. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo. Weka maji mengine, yatokote kwa nguvu nusu saa au zaidi, kisha yapike mpaka yalainike kabisa. Yakilowekwa, hata kuni hupungua. Na yakiiva vizuri yanajenga mwili, na mtoto hasikii njaa upesi."

Albina aliona aibu. Jioni Beata aliacha kutapika, akaomba uji.

Jumapili Albina alipika maharage yaleyale, safari hii kama alivyofundishwa, akamwalika Ottilia. Albina alikula yeye kwanza, akangoja, ndipo akampakulia Beata.

"Mbona huli tena, wifi?" Ottilia aliuliza.

"Nimeshiba. Ulinipa maharage mazuri."

Kwamba alikuwa amemshuku, Albina hakuthubutu kumwambia. Beata alimaliza, akatoka kucheza. Albina alikaa mlangoni akimtazama mpaka giza likaingia, na mtoto alikuwa bado anakimbia.