Neno la Mwenye Kitanda

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi hii inaanza kwa sauti ndogo.

Tii... tii... tii...

Ni sauti ya mashine. Mashine iko kando ya kitanda. Na kitandani yuko Nyamizi.

Nyamizi ana miaka sita. Kifua chake kinaumwa sana. Akivuta pumzi, kifua kinalia: khii, khii.

Ndiyo maana yuko hospitalini, katika chumba cha watoto wanaoumwa sana. Amevalishwa barakoa. Kutoka kwenye barakoa unatoka mrija mrefu. Mrija unapita kando ya godoro, unakwenda mpaka kwenye mtungi mkubwa wa hewa.

Hewa inakuja polepole: sss... sss... sss...

Nyamizi anaogopa. Anaogopa mashine. Anaogopa taa. Anaogopa sindano, hata ile ambayo bado haijaja.

"Mama yako nipo hapa," anasema mama. Lakini mikono ya mama inatetemeka. Nyamizi ameiona.

Saa nane mchana, watu wanakizunguka kitanda.

Yupo Sista Gaudensia, muuguzi mwenye soksi za njano. Yupo Dokta Lusinde, mrefu mpaka anainama mlangoni. Yupo Fundi Shija, mtunza mitungi ya hewa. Na yupo Bi Tausi, mfanya usafi, na ndoo yake ya bluu.

Sista Gaudensia anauliza, "Nani ana neno?"

Hiyo ndiyo desturi ya chumba kile. Kila mtu anasema alichokiona. Mkubwa haringi, mdogo haogopi. Na wa mwisho kusema ni mwenye kitanda.

"Homa imeshuka kidogo," anasema Sista Gaudensia.

"Kifua bado kizito," anasema Dokta Lusinde.

"Mtungi umejaa," anasema Fundi Shija.

"Sakafu nimepiga deki," anasema Bi Tausi. "Lakini humu kuna vitu vichafu. Nitarudi kuvichukua."

"Na wewe, mwenye kitanda? Una neno?"

Nyamizi anatikisa kichwa. Hana neno.

Hana? Mwongo huyo! Analo, tena kubwa.

Chini ya shuka amelala Siwema. Siwema ni mwanasesere wa vitambaa, mwenye jicho moja la kifungo. Ana uji tumboni. Ana dawa kichwani. Ni mchafu, tusidanganyane.

"Bi Tausi atamchukua Siwema wangu," anawaza Nyamizi. "Atamtia kwenye ndoo!"

Moyo wake unadunda: du-du-du, du-du-du.

Watu wanatawanyika. Mama anaegemea ukuta, usingizi unampitia.

Mara, huko nje, kandambili zinakuja. Chwapa, chwapa, chwapa. Ni Bi Tausi anarudi!

Nyamizi anamsukuma Siwema kando ya godoro. Anamsukuma tena. Siwema anazama chini, haonekani hata mguu.

Lakini pale kando ya godoro pana nini, wanangu? Pana mrija. Na mrija umekunjika.

Ile sss... imenyamaza.

Nyamizi anavuta pumzi. Haiji. Anavuta tena. Khii... kh...

TII! TII! TII! TII!

Mashine inapiga kelele. Mama anaruka. "Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Soksi za njano zinakuja mbio. "Pumua, Nyamizi. Tupo."

Sista anashika barakoa. "Barakoa iko sawa!"

Dokta anasikiliza kifua. "Hewa haiingii!"

Fundi anaangalia mtungi. "Mtungi umejaa!"

"Lete mwingine!"

"Naleta!"

Kila mkono una kazi yake. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Bi Tausi ameweka ndoo chini, amemshika mama mabega.

Nyamizi anaona taa zinafifia. Hajawahi kuogopa hivi. Anajua kosa liko wapi. Anajua yeye peke yake! Lakini hawezi kusema.

TII! TII! TII!

"Jamani!" Bi Tausi anapaza sauti. "Mwenye kitanda hajaulizwa!"

Dokta hasemi, "Bi Tausi, nyamaza." Hasemi, "Huyu ni mtoto tu." Anainama haraka, na Sista anainama naye.

"Nyamizi, una neno?" anauliza Dokta.

Nyamizi anamtazama Bi Tausi. Anaitazama ndoo ya bluu. Akionyesha, Siwema atachukuliwa. Asipoonyesha...

Kidole kinainuka. Kidole kimoja, chembamba. Kinaonyesha chini, kando ya godoro.

Fundi Shija anaingiza mkono. Anavuta. Mguu wa kitambaa! Anavuta tena. Siwema huyo, nje!

Dokta anaunyoosha mrija.

Sss...

"Pumua, Nyamizi. Tupo."

Pumzi moja.

Sss...

Pumzi mbili.

Tii... tii... tii...

Mashine imeacha kelele. Mama analia kimyakimya. Sista Gaudensia anakaa kwenye kiti, puu!

"Hata mimi nimeogopa," anasema Sista. "Nimeogopa sana."

Nyamizi anamkodolea macho. Kumbe watu wazima nao huogopa? Wanaogopa, na bado wanakuja mbio?

Sasa Bi Tausi amemshika Siwema mguu mmoja. Anamgeuza huku. Anamgeuza kule. Machozi yanamtoka Nyamizi.

"Ulikuwa unanificha mimi huyu?"

Nyamizi anaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Bi Tausi anachuchumaa karibu na kitanda. "Mjukuu wangu, mimi nachukua uchafu. Watoto sichukui."

Siwema anaogeshwa kwa sabuni nyingi. Anakamuliwa. Anabanwa kwa kibanio dirishani, mahali ambapo Nyamizi anamwona vizuri. Maji yanadondoka: to, to, to. Jua halijazama, Siwema amekauka, amerudi kitandani. Safari hii analala juu ya mto, mbali na mrija.

Siku moja inapita. Kifua bado kinalia: khii, khii. Nyamizi bado anaogopa.

"Pumua, Nyamizi. Tupo."

Siku mbili zinapita. Khii... Kifua kinalia kidogo.

Siku ya nne, saa nane mchana, watu wanakizunguka kitanda.

"Nani ana neno?"

"Homa imekwenda," anasema Sista Gaudensia.

"Kifua chepesi," anasema Dokta Lusinde. "Barakoa tunaweza kuitoa."

"Mrija nimeuangalia mara mbili," anasema Fundi Shija. "Chini ya godoro pia."

"Sakafu safi, na Siwema safi," anasema Bi Tausi.

"Na wewe, mwenye kitanda? Una neno?"

Nyamizi anavuta pumzi. Pumzi inaingia yote, haikwami popote.

"Ninalo," anasema.

Wote wanainama kumsikiliza.

"Nataka uji."

Mama anacheka na kulia papo hapo. Dokta anapiga makofi. Fundi Shija anatoka mbio kutafuta kikombe, kama vile mashine imelia tena.

Nyamizi anakunywa kijiko kimoja. Anakunywa cha pili. Anakunywa mpaka cha saba.

Siwema hapewi hata tone. Siwema ameshaoga.

Kisha macho ya Nyamizi yanakuwa mazito. Mama anampapasa kichwa. Mkono wa mama hautetemeki.

Tii... tii... tii...

Nyamizi amelala.

Hadithi nayo imefika kitandani, inataka kulala. Lakini kabla hatujazima taa, nani ana neno?